Kwa Nini Sikukikalia Kiti Chenu

Wanangu wa atelie,

Najua mlinuna. Siku ya kuniaga mliniwekea kiti katikati ya ukumbi, kiti cha mti wa mulombwa mlichokichonga kwa siri, mwanamke amepiga magoti akibeba kikalio kichwani, na nyote mkapiga makofi mkiimba, "Mama Mbuyi, ikala! Mama Mbuyi, ikala!" Mimi nikasimama. Nikasimama wakati wa hotuba ya direkta. Nikasimama wakati wa hotuba ya yule citoyen, yule ndugu wa Chama, ambayo mnajua wenyewe ilivyokuwa ndefu. Nikala ugali wetu wa bukari na samaki nimeegemea dirisha, magoti yangu haya mabovu yakinitukana. Kalenga, ambaye ndiye aliyekichonga, alikuwa ananitazama kama mtu aliyepika chakula kizuri na mgeni akasema ameshiba. Kwa heshima hakuna aliyeniuliza, na mbele ya wageni wale nisingeeleza hata kama mngeuliza. Basi leo nimekaa kwangu Kamalondo, kwenye kiti cha kamba kisicho na makuu, na ninawajibu.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuja vikaondoka, na mishahara ya Zaire nani asiyeijua? Nitaandika habari za kukaa kitako, maana hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa.

Mnaijua sheria moja ya atelie yetu ambayo hakuna anayewaelezeni. Mwanamke anayebeba kiti hachorwi alama tumboni. Nywele mnasuka mnavyotaka, shingo mnaweka shanga, lakini tumbo ni laini, kama limepigwa pasi. Nimewasikia mkisema ni uvivu wa wazee, wengine mkisema ni mambo ya padri. Wala si uvivu, na padri hahusiki kabisa. Sheria hiyo ina mwenyewe, na jina lake ni Baba Ilunga.

Nilifika Hoteli Musumba ikiwa bado haina milango. Ilikuwa kule ng'ambo ya ziwa, upande wa Karavia, saruji mbichi kila mahali, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chumvi ya mpishi. Nilikuwa nimetoka shule ya sanaa na cheti changu kwenye bahasha, nimevaa kikwembe kipya, kwa kuwa miaka ile suruali kwa mwanamke ilikuwa kosa na wigi vilevile. Baba yangu, karani wa reli aliyetoka Kasai, alikuwa amewaambia majirani wote wa avenue yetu kwamba binti yake anakwenda kupamba kasino. Mama aliuliza kasino ni nini, akaambiwa, akanyamaza mpaka Jumapili.

Arshitekti, mchora ramani za jengo, alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyeandaa michoro mizuri sana ya Afrika ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Punda milia. Mikuki iliyopishana ukutani. Minazi. Kwenye kona ya baa, farao. Na mlangoni mwa ukumbi wa kamari, kiti cha enzi cha dhahabu na simba wawili wakubwa. Direkta wa siku zile, ndani ya koti lake jipya la abakosti lililokuwa bado linamkwaruza shingo, aliitazama michoro ile muda mrefu.

"Hii Afrika iko ya wapi?" akauliza. "Mi nataka ya kwetu. Authenticité! Shiye hatuna vitu?"

Wakati ule, kwa amri ya Mukubwa wa nchi, hata majina yetu ya ubatizo tulikuwa tumeyaweka kabatini, sasa farao angeponea wapi? Ndipo ikaundwa atelie yetu, karakana kwenye kibanda cha bati nyuma ya jiko, wachongaji, wapiga shaba, na mimi wa rangi na vitambaa. Direkta alituambia wazi siku ileile. "Salle ya michezo, ile ukumbi ya kamari, ikipendeza bantu, munabakia, kazi ya kila siku. Haipendeze, kila muntu arudie kwao." Wengi wetu kwao palikuwa mbali na hapakuwa na kazi. Kila mtu alilielewa neno hilo.

Mkubwa wa kibanda alikuwa Baba Ilunga, Muluba wa upande wa Kabongo. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi, kwenye shaba, mpaka kifua kikamkatalia, akarudia kazi ya mjomba wake, aliyekuwa mchongaji wa watemi. Mtu mfupi, mikono mikubwa isiyolingana naye, na kikohozi kilichomtangulia kila alipokwenda. Nilimwonyesha cheti changu. Akakisoma chote, hata muhuri, akanirudishia.

"Muzuri sana. Unajua kuchora. Sasa unajua kuikala?"

"Kuikala, Baba?"

"Ndiyo. Ikala pale."

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa brashi. Nilikaa. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, kwenye kiti cha baa kilicholetwa kwa sanduku kutoka Ulaya, kwenye kisiki, kwenye stuli ndogo ya mama muuza mkaa. Kila mara aliuliza mgongo unasema nini, miguu inasema nini, nani ananiona nikiwa nimekaa vile na mimi namwona nani. Kufika jioni nilikuwa na hasira na maumivu mahali nisipopaandika hapa. Baba Ilunga akacheka mpaka akakohoa. "Bantu batakuya apa kuikala, mwanangu," alisema. "Kucheza, kukunywa, kulia, yote ni na matako chini. Ukikosea kiti, mapambo yote ni bure." Mnaona sasa nilipoutoa ule ukali wangu wa kuwakalisha ninyi.

Yeye na arshitekti walipatana haraka kuliko tulivyotegemea. Baba Ilunga alimchorea mchangani jinsi musumba, makao ya mfalme, yanavyopangwa kwa umbo la kobe, kichwa kikitazama nje, mkia nyuma, watu wa mfalme ubavuni, na Mzungu yule akachuchumaa mchangani na suruali yake nyeupe akauliza maswali mazuri. Kesho yake alikuwa amefuta simba wake mwenyewe na ukumbi mzima ameupanga upya kama kobe, meza ya ruleti tumboni, jiko mkiani. Dari tukalitengeneza kwa misalaba midogo ya shaba, kama ile ya zamani waliyotumia babu zetu kwa biashara na mahari, ikining'inia kwa nyuzi, na upepo ukipita ilikuwa inalia taratibu. Kuta nikazichukua mimi. Nilizifunika kwa nakshi za nyuzi za raffia za Kasai, pembe ndani ya pembe, na Wakatanga wa kibandani wakanitania kwamba Wakasai hata ukutani wanatafuta nafasi. Ukumbini mwa mbele tukaweka mbao za kisolo, bao la kwetu, zenye vishimo na kokoto, ili wageni wachezee wakisubiri. Wageni walizipenda sana, mpaka mlinzi wa geti alipoanza kuwashinda.

Matatizo hayakukosekana. Vitambaa vya kufunikia viti vilifika kutoka Kinshasa vikiwa na sura ya Mukubwa wa nchi, kubwa, kofia na miwani, kila mita moja. Vizuri kwa kikwembe cha sherehe. Lakini kwa kiti? Nani angemkalia usoni? Direkta alipofungua robota alitoa jasho kama mtu aliyeona nyoka, akalifunga mwenyewe kwa mikono yake. Tulivitundika vile vitambaa juu sana ukutani, ambako hata mlevi asingevifikia, na viti tukavifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo msidhani mambo ya nani akae wapi ni mchezo.

Sasa nafika kwenye kiti.

Pale mlangoni, palipofutwa simba, palibaki pengo. Baba Ilunga akasema, "Miye nitaweka lupona." Lupona, kwa ninyi mliozaliwa mjini, ni kiti cha mtemi wa Kiluba, kile ambacho mwanamke anakibeba. Mtemi hukikalia siku ya kutawazwa, kisha kinafungwa katika kitambaa cheupe na kufichwa, na kuna mtu wa kukilinda. Baba Ilunga alikuwa amemwona mjomba wake akichonga kimoja, basi. Yeye mwenyewe hakuwahi. Alikuwa amekwenda mgodini kabla zamu yake haijafika, na nadhani kitu hicho kilimkaa rohoni miaka yote ile.

Alichonga mvua zote za mwaka ule. Tezo kubwa kwanza, kisha tezo ndogo, kisha kisu kimoja chenye kutu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, kisha majani makavu ya msasa, kisha mafuta ya mawese na masizi. Alipofika tumboni alifunga mlango wa kibanda. Alama zile, vijinundu vidogo vilivyopangwa kuzunguka kitovu na kushuka ubavuni, alizichonga moja moja bila kuongea na mtu. Alipofungua mlango tuliingia, na sote tukapunguza sauti bila kuambiana. Mimi si mtu wa Kabongo na sina mtemi. Lakini mwanamke yule wa mti, macho nusu yamefumba, mikono juu, alikuwa anabeba kitu kizito ambacho hakikuonekana. Nilimwangalia Baba Ilunga na nikaona furaha ya mtu ambaye hana tena cha kutafuta.

Ufunguzi ulikwenda vizuri. Wakubwa walikuja, ngoma za animasyo za kumsifu Mukubwa zikapigwa, wapiga picha wakapiga picha. Ile picha ya atelie, iliyo juu ya benchi la kusagia, ndiyo ya siku hiyo, na kiti kinaonekana vizuri nyuma ya bega la direkta. Tulidhani tumepona.

Kisha wakaanza kuja watu wa mji, wale ambao kasino ilikuwa inawategemea, wafanyabiashara, wenye magari ya mizigo, wenye baa. Wa kwanza alikuwa muuza samaki mmoja mkubwa wa mtaa wetu wa Kenya, aliyekuja na koti lake zuri na pesa za kuchezea. Mimi nilikuwa pale narekebisha pazia. Akafika mlangoni, akakiona kiti. Akavua kofia. Akachuchumaa, akapiga makofi polepole, akasema "Eyo vidye," kama unavyomsalimia mtemi, kisha akarudi kinyumenyume mpaka nje ili asikipe mgongo. Nilimfuata baa.

"Papa, hautacheza?"

"Nicheze? Miye nicheze feza ya batoto, na yeye ananiangalia?" Akaagiza bia. "Hapana, Mama. Kuna mambo muntu anafanya mbele ya mukubwa, na kuna mambo anaendea mbali, fasi ingine."

Habari ikaenea mjini kwa siku chache tu. Pale kwa kasino kuko lupona! Watu wakaja, ndiyo, hata wazee waliovaa vizuri kutoka Katuba na Ruashi. Walikuja kusalimia. Walichuchumaa, wakapiga makofi, wakaondoka kinyumenyume. Hata Wakasai wenzangu, ambao wengine kiti kile hakikuwahusu, waliona aibu kucheza mahali ambapo wenzao wanapiga magoti. Ruleti ilikuwa inazungushwa kwa ajili ya Wazungu wawili watatu wa migodini, na sauti ya kile kidude cheupe kinachokimbia mle ndani ilisikika ukumbi mzima. Mama Ngoie, mkubwa wa wafagiaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa anakifunika kiti kila asubuhi kwa kitambaa cheupe alichokileta kwake, na hakuna mfagiaji wake aliyeruhusiwa kupitisha ufagio mbele yake.

Direkta akaja kibandani, abakosti imelowa.

"Citoyen Ilunga! Mi nilikulomba kiti, we unaniletea kanisa!"

"Ulisema unataka ya kwetu, Citoyen Direkta."

"Ya kwetu, ndiyo! Ya kwetu ya kuangalia! Si ya kwetu ya kweli!"

Wanangu, katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia mtu akiieleza kazi ya kupamba hoteli vizuri kuliko direkta yule siku ile. Baba Ilunga mwenyewe aliinama akakubali. Akasema alikuwa amejisahau, mikono ilikuwa na furaha mno. Direkta hakuwa mtu mbaya, lakini Kinshasa ilikuwa inampigia simu. Akatoa amri. Zile alama za tumbo, ambazo Baba Ilunga mwenyewe alikuwa amemweleza kwamba ndizo zinazoufanya mwili uweze kupokea roho ya mtemi, zisuguliwe ziishe, kiti kiwe kiti. Au atelie ifungwe mwisho wa mwezi.

Alipotoka, Baba Ilunga alichukua tupa, akaipima uzito, akanipa.

"Fanya weye. Hauko muntu ya kwetu, mikono yako haitakuwa na shida."

Niliishika tupa ile nikaenda mpaka kwenye kiti. Nikamwangalia yule mwanamke. Nikafikiria baba yangu na majirani wa avenue, nikafikiria wale wanaume wa kibandani na watoto wao. Kisha nikarudi nikaiweka tupa mezani mbele ya mzee.

"Baba, siwezi. Na weye hauwezi. Tengeneza ingine."

"Ingine itakuwa sawasawa. Miye sijue kuchonga uongo."

"Basi chonga mwanamke ambaye hajapewa alama. Mwanamke tu. Anabeba kiti sababu mugongo ya bantu inauma."

Aliichukua tupa akaitundika ukutani. Kisha akacheka, kile kicheko cha kukohoa, akaniambia nichague mti.

Tulichonga pamoja. Uso niliuchora mimi, nikampa macho yaliyofunguka na midomo ya mtu anayetaka kukuuliza umeamkaje. Nywele tulimsuka msuko wa siku zile, wa nyuzi, uliosimama kama antena. Tumbo alilisugua yeye, siku nzima, likawa laini kabisa. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini hakuna kati yetu aliyejua kama itatosha, na hilo lisingeamuliwa na direkta wala Kinshasa. Mwamuzi alikuwa Mama Ngoie. Yeye akikifunika kiti hiki kwa kitambaa cheupe, tumekwisha.

Kile cha kwanza wachukuzi walikataa kukigusa. Baba Ilunga alikifunga mwenyewe katika kitambaa cha Mama Ngoie, akakibeba kifuani mpaka kibandani, na pale mlangoni tukaweka kipya. Asubuhi tukajificha nyuma ya pazia langu, atelie nzima, arshitekti pia, na direkta katikati yetu akipumua kwa nguvu. Hatukumwambia Mama Ngoie neno.

Akaja na ndoo. Akasimama mbele ya kiti. Akazunguka. Akainama, akatazama tumbo, akalipitishia kiganja, juu, chini. Akamtazama usoni. Baba Ilunga alikuwa ameshika mkono wangu. Mama Ngoie akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Kisha akageuka, akakusanya kikwembe chake, na akakaa. Alikaa kwa uzito wake wote, mti ukalia, akavua kiatu akaanza kukanda mguu.

"Aa! Hii njo kiti sasa," akajisemea. "Kale kamama kako na sura ya dada yangu."

Direkta alimkumbatia arshitekti, kwa kukosa mtu mwingine wa saizi yake. Mimi nililia bila aibu. Baba Ilunga hakulia wala kucheka, alikwenda tu akachuchumaa kando ya Mama Ngoie akamuuliza mgongo unasema nini.

Wiki ile muuza samaki alirudi, akakitazama kiti, akakigonga kwa kidole, akaingia kucheza. Alipoteza, nadhani, lakini alipoteza kwa furaha. Atelie ikabaki, na ndiyo hiyo mnayofanyia kazi mpaka leo, ingawa ruleti yenyewe ilikwisha kuuzwa. Baba Ilunga alipanda treni na kiti cha kwanza mapajani, kimefungwa cheupe, mpaka kwao. Aliporudi nilimuuliza kilipokelewaje. "Balikipokea," alisema, akachukua tezo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nilimwona ametosheka.

Sasa nirudi kwenu. Kalenga alitazama ile picha iliyo juu ya benchi la kusagia, akaona kiti kilicho nyuma ya bega la direkta, akajisemea kwamba Mama Mbuyi anastahili kitu kamili, tumbo na alama zake zote. Mlifunga mlango, mkazichonga moja moja. Siku ile mlipoondoa gunia nilimwona mwanamke yule wa Baba Ilunga tena, macho nusu yamefumba, na mikono iliyomchonga haikuwahi kumjua mzee. Ningekaaje? Na ningesemaje, mbele ya citoyen wa Chama, kwamba mmechonga vizuri mno?

Kalenga, mwanangu, kiti chako kiko chumbani kwangu, kimefungwa shuka jeupe, na kila asubuhi nakisalimia ingawa mimi ni Mkasai tu. Nitawaandikia ndugu wa Baba Ilunga waseme kiende wapi.

Na sasa nitengenezee kingine. Tumbo laini, macho wazi, sura ya mtu wa Kamalondo. Kilete Jumapili, saa ya bukari, uje na wenzako wote, msimame mnitazame. Nitakusanya kikwembe changu, na nitakaa kwa uzito wangu wote.

Mama yenu,
Mbuyi